Picha ya Kwanza ni ya Nani? Sura za Kompyuta Kuanzia Kitufe cha Kuwashia Hadi Desktopu

Mama mmoja muuza vitenge Kariakoo aliniletea laptopu ya mtumba aliyoinunua wiki hiyohiyo. Mashine ilikuwa nzima, betri inashika chaji, kibodi haina herufi hata moja iliyofutika. Kilichomleta ni jambo moja. Kila akiiwasha, chini ya nembo ya mtengenezaji lilitokea jina la kampuni fulani ya Ulaya, kuonyesha kwamba mashine ni mali yao. Alikuwa ameshaweka picha ya duka lake kwenye desktopu. Mpwa wake alikuwa ameshapiga Windows upya. Jina bado lipo palepale.

"Fundi," akaniuliza, "hii mashine ni yangu au bado ni ya kwao? Wateja wakiliona hilo jina watadhani nimenunua kitu cha wizi."

Tunasema "nataka kubadilisha muonekano wa kompyuta" kana kwamba muonekano ni kitu kimoja, kama rangi ya ukuta. Kumbe kuanzia unapobonyeza kitufe mpaka desktopu inapotulia, kioo kinapita mikononi mwa programu nne au tano zinazopokezana, kama mbio za vijiti. Kila moja ina picha yake, ina mahali pake pa kuitunza, na ina masharti yake. Ukijua saa hii kioo kiko mikononi mwa nani, utajua pa kubadilishia, na utajua pia unacheza na nini. Picha inayotokea mapema zaidi ndiyo inayokaa mbali zaidi na mikono yako.

Anza na kitufe. Umeme ukiingia, wa kwanza kuamka ni programu ndogo inayoishi ndani ya chipu iliyochomelewa kwenye ubao mama. Zamani iliitwa BIOS. Mashine za leo karibu zote zina UEFI, ingawa mafundi bado tunasema BIOS kwa mazoea. Kazi yake ni kukagua memori, kibodi na diski, kisha kuutafuta mfumo wa kuendeshea kompyuta na kuukabidhi mashine. Inapokagua, inaonyesha nembo ya Dell, HP, Lenovo au yeyote aliyeiunda. Nembo hiyo imo ndani ya chipu, haimo kwenye diski. Fomati diski, itoe kabisa uweke mpya ya dukani, piga Windows au Linux: ukiwasha, nembo ni ileile. Mpwa wa yule mama alikuwa anasafisha sebule wakati kilichoandikwa kiko getini.

Hapo kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Tangu Windows 8, iliyotoka 2012, mashine ya UEFI haiiondoi nembo ya mtengenezaji inapokabidhi kazi. Nembo inabaki katikati ya kioo, na chini yake vinaanza kuzunguka vidoti vyeupe vya Windows. Anayetazama anaamini Windows ndiyo iliyoileta, anaingia kuitafuta kwenye folda za Windows, haipati. UEFI huiacha picha kwenye memori pamoja na jedwali dogo liitwalo BGRT, linaloeleza picha iko wapi na ilichorwa sehemu gani ya kioo. Windows inalisoma jedwali hilo, inaiweka picha ileile mahali palepale, na kuongeza vidoti vyake. Ni kama MC anayesoma salamu zilizoandikwa na ndugu walio mbali: sauti ni yake, maneno si yake.

Je, nembo hiyo inabadilika? Kwenye baadhi ya mashine inabadilika, tena kwa njia halali. ThinkPad nyingi zinakuruhusu kuweka picha yako wakati wa kusasisha BIOS: unaitia kwenye folda ya sasisho kwa jina na ukubwa ulioelekezwa, nayo inaandikwa kwenye chipu pamoja na BIOS mpya. Shida iko kwenye huko kuandikwa. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena mpaka chipu iandikwe upya kwa kifaa maalumu. Anayeishi mahali ambapo umeme huondoka bila kuaga asithubutu bila betri iliyojaa na chaja iliyochomekwa. Kwa maoni yangu asithubutu kabisa, kwa ajili ya picha ya sekunde tatu.

Ipo na sababu nzito kuliko umeme. Desemba 2023, watafiti wa kampuni ya Binarly walieleza kwenye mkutano wa Black Hat Europe, jijini London, udhaifu walioupa jina la LogoFAIL. Ili UEFI ionyeshe nembo, lazima iwe na programu ndogo ya kusoma faili la picha, liwe BMP, JPEG, PNG au GIF. Watafiti hao waligundua kwamba visomaji vya namna hiyo, vilivyomo kwenye BIOS za wasambazaji watatu wakubwa, AMI, Insyde na Phoenix, vilikuwa na makosa. Picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kukifanya kisomaji kitekeleze amri za mshambuliaji kabla Windows haijaamka, kabla antivirusi haijaamka, na Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokagua programu za kuwashia, usione kitu. Watengenezaji walitoa masasisho. Mashine ambazo nembo yake ilikuwa imefungwa isibadilishwe ndizo zilizokuwa na nafuu. Nilipolisoma hilo niliacha kabisa kuwawekea watu picha zao kwenye BIOS, hata wanaponiomba kwa upole.

Wakubwa kidogo wataniambia mbona zamani tulibadilisha bila wasiwasi. Ni kweli, na inafaa kueleza kwa nini. Kwenye Windows 95 na 98, picha ya kuwakia, ile yenye mawingu, ilikuwa faili la kawaida. Ukiweka faili liitwalo LOGO.SYS kwenye mzizi wa diski C, Windows ililichukua na kuiacha picha yake ya ndani. Jina lilitisha, lakini ndani lilikuwa picha ya BMP iliyobadilishwa jina tu: upana pikseli (nukta za picha) 320, urefu 400, rangi 256. Uliifungua kwa Paint ukakuta kila kitu kimebanwa kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, kwa sababu kioo kingekuja kuitanua picha kwa upana wakati wa kuonyesha. Aliyesahau kuibana picha yake kwanza alijikuta ana uso mpana usiotambulika. Zilikuwepo na picha mbili za kuzimia, LOGOW.SYS iliyosema subiri na LOGOS.SYS iliyosema sasa unaweza kuzima, zote ndani ya folda ya Windows.

Na ule ukanda uliotembea chini ya mawingu haukuwa ukitembea. Hakuna pikseli iliyohama. Sehemu ile ilipakwa rangi za mwisho kwenye orodha ya rangi 256, na Windows ilikuwa inazizungusha rangi hizo kwenye orodha. Ni zile taa za mapambo ya harusini: kila taa imefungwa mahali pake, mwanga ndio unaokimbia. Kwa mashine za miaka ile, zenye memori ndogo, ulikuwa ufundi wa hali ya juu, na bado naupenda.

Windows XP ilipokuja Oktoba 2001 mlango huo ulifungwa. Picha ya kuwakia iliwekwa ndani ya ntoskrnl.exe, yaani ndani ya kiini chenyewe cha mfumo, ikiwa na rangi 16 tu. Kuibadilisha kulimaanisha kupasua kiini na kukishona tena, na aliyekosea kushona alibaki na mashine isiyowaka. Mandhari za madirisha nazo ziliwekewa sahihi: XP ilikuja na ile ya bluu, ya kijani cha zeituni na ya fedha, na nyingine yoyote isiyo na sahihi ya Microsoft ilikataliwa mpaka ubadilishe faili la uxtheme.dll na kuweka toleo lililochezewa. Vijana wengi wa vibanda vya intaneti walilichukua faili hilo popote walipolikuta. Wengine walipata mandhari nzuri, wengine walipata mandhari pamoja na virusi.

Tusogee kwenye skrini ya kuingilia, pale unapoandika nywila. Hapa ndipo swali la mwenye kioo linapoonyesha faida yake. Watu wengi wanaweka picha kwenye folda yao binafsi, wanaiagiza kwenye skrini ya kuingilia, wanaona giza. Sababu ni kwamba wakati skrini hiyo inaonekana wewe bado hujaingia. Hakuna mtumiaji mwenye jina lako ndani ya mashine kwa wakati huo; kioo kinashikwa na mlinzi wa mlangoni, na mlinzi hana ufunguo wa chumba chako cha kulala. Picha lazima ikae barazani, mahali ambapo yeye anaruhusiwa kufika.

Windows 7 ilionyesha hilo waziwazi. Uliingia kwenye rejista, yaani daftari la ndani la mipangilio ya Windows, ukaipa OEMBackground thamani ya 1, kisha ukaweka picha kwa jina la backgroundDefault.jpg ndani ya System32, kwenye folda ya oobe, info, halafu backgrounds. Sharti moja liliwatoa watu jasho: faili lisizidi kilobaiti 256. Picha ya simu ya megabaiti 3 haikutoa onyo lolote. Ilipuuzwa kimya, na mtu akarudia hatua zote mara nne akidhani amekosea herufi. Kuanzia Windows 10 mambo yamekuwa mepesi: unaingia Settings, kisha Personalization, unachagua picha, Windows yenyewe inainakili hadi barazani.

Linux inafundisha somo hilohilo kwa uwazi zaidi, maana kila mpokeaji wa kijiti ana jina lake na faili lake. Wa kwanza baada ya UEFI ni GRUB, menyu ya kuchagua mfumo. Picha yake unaiandika kwenye faili la /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_BACKGROUND, kisha unaamuru sudo update-grub. Lakini kwenye Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, mashine yenye mfumo mmoja tu huificha menyu hiyo, kwa hiyo unaweza kupamba jioni nzima ukuta ambao haufunguliwi dirisha. Baada ya GRUB anakuja Plymouth, aliyeanza kuonekana kwenye Fedora 10, aina nyingine ya Linux, mwaka 2008. Huyu ndiye anayechora ile picha tulivu ya kusubiria. Mandhari zake zinakaa /usr/share/plymouth/themes, ila ukibadilisha hapo pekee hutaona tofauti, kwa kuwa Plymouth huamka kabla diski yako kuu haijafunguliwa na husoma kutoka kwenye kifurushi kidogo kilichopakiwa mapema kwenye memori. Kifurushi hicho ndicho unachopaswa kukifunga upya, kwa sudo update-initramfs -u kwenye Ubuntu na Debian. Nimeona mtu akiilaumu Linux wiki nzima kwa kukosa mstari huo mmoja.

Plymouth akimaliza anakuja mlinzi wa mlangoni, awe GDM, LightDM au SDDM. Kwa LightDM picha iweke /usr/share/backgrounds, usiiache kwenye folda yako. Ubuntu tangu toleo la 21.04 hufunga folda za watumiaji wapya wengine wasichungulie, na LightDM ni mmoja wa hao wengine.

Nikitaja Ubuntu siwezi kupita bila kusema hili. Jina lile ni ndugu wa neno letu utu, shina moja la Kibantu, na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alipoanzisha mradi huo 2004, toleo la kwanza lilitoka na rangi ya kahawia ya udongo wakati kompyuta karibu zote zilikuwa za bluu na kijivu. CD zilitumwa bure duniani kote mpaka 2011. Kwangu mimi ule udongo kwenye kioo ulikuwa tamko: kwamba sura ya mashine inaweza kutoka kwetu pia.

Sasa desktopu yenyewe, ambapo kioo hatimaye ni chako. Kila mtu anaujua mlima wa kijani wa Windows XP. Wengi wanaamini ulichorwa kwa kompyuta, kumbe ni picha halisi iliyopigwa na Charles O'Rear mwaka 1996 katika Kaunti ya Sonoma, California, kwa filamu. Kilima kile kilikuwa na majani matupu kwa sababu mizabibu iliyokuwepo ilikuwa imeng'olewa baada ya kuvamiwa na wadudu. Microsoft walipoinunua waliipa jina la Bliss.

Picha zako hazitakuwa na uchafu wala kuvutika kama utazingatia mambo machache. Kioo cha laptopu nyingi kina pikseli 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080, yaani kimelala. Picha ya simu iliyopigwa ikiwa imesimama haiwezi kukijaza bila kukatwa kichwa au kuachiwa kingo nyeusi. Ipunguze mwenyewe kwanza. Iliyopita WhatsApp imeshabanwa, omba itumwe kama faili la kawaida. Na ukiona picha safi ya JPEG imefifia baada ya kuiweka, macho yako hayakudanganyi: Windows hutengeneza nakala yake na kuipunguza ubora hadi 85 kati ya 100. Thamani hiyo inapandishwa kwenye rejista kwa jina la JPEGImportQuality, ukitaka.

Swali ninaloulizwa sana ni kama picha inaifanya mashine iwe nzito. Picha tuli haiifanyi. Faili liwe kilobaiti 200 au megabaiti 5, likishafunguliwa kujaza kioo cha 1920 kwa 1080 linahitaji takriban megabaiti 8 za memori, basi. Kinachoelemea ni mandhari za video zinazocheza mchana kutwa. Kwenye laptopu ya memori ya gigabaiti 4 yenye kivinjari na Excel, ziache.

Kuna faili moja naomba uliogope: lenye mwisho wa .scr. Hizo ni skrini za kupumzishia, zilizoanza enzi za vioo vya kichogo ili picha moja isichome alama kwenye kioo. Ndani yake .scr ni programu kamili kama .exe ilivyo, na anayetaka kukuingilia anaweza kulipamba kwa jina la picha. Mandhari halali ya Windows yenye mwisho wa .theme ni maandishi matupu, unaweza kulifungua kwa Notepad ukasoma kila mstari. Vilevile mtu mwenye Windows isiyoamilishwa hukuta Personalization imefungwa, akakimbilia kushusha programu ya kuvunja leseni ili aweke picha ya mtoto wake. Anaikabidhi mashine nzima kwa mtu asiyemjua. Heri abaki na picha iliyopo mpaka apate leseni.

Lakini ukiniuliza mabadiliko gani yana thamani kuliko yote, sitataja picha. Nitataja ukubwa wa maandishi, ukubwa wa mshale na mwanga. Nimekaa na wazee wanaosogeza pua hadi kwenye kioo kwa miaka, na hakuna aliyewaambia kwamba maandishi yanaweza kupandishwa hadi asilimia 125 au 150, au kwamba mshale unaweza kuwa mkubwa na wa njano. Dakika mbili tu, na mtu anaegemea kiti chake kwa mara ya kwanza.

Nirudi kwa yule mama. Kabla ya kugusa jina lile nilihakikisha jambo moja, na kila anayenunua laptopu ya mtumba afanye hivyo kabla ya kulipa. Niliirudisha Windows mwanzo kabisa huku imeunganishwa na intaneti. Mashine iliyosajiliwa na kampuni kwenye Autopilot, huduma ya Microsoft ya kuandaa kompyuta za kampuni, ikifika hapo, inatokea na jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini kwao. Hiyo si sura ya kupaka rangi. Usajili uko kwenye seva, haumo kwenye mashine, na mwenye uwezo wa kuufuta ni kampuni yenyewe. Yake ilipita salama, ikauliza lugha na nchi kama mashine isiyo na mwenyewe.

Basi jina lilikuwa kwenye chipu. Laptopu nyingi za kiofisi za Dell na HP zina sehemu ndani ya BIOS ya kuandika mwenye mali, na kampuni ikiziuza husahau kuifuta. Nikawasha, nikaingia kwenye BIOS, nywila haikuwekwa. Nikaikuta sehemu hiyo, nikafuta herufi moja moja huku mama ameinama begani kwangu.

"Sasa niache wazi, Mama, au niandike kitu?"

"Andika jina la duka," akasema. "Na kibanda namba ngapi."

Nikaandika, nikahifadhi, tukawasha upya. Nembo ikatokea, chini yake duka lake. Ikafuata skrini ya kuingilia yenye picha ya rafu zake za vitenge, niliyoipunguza ilale vizuri kwenye kioo. Nikampandishia maandishi hadi 125, nikamwekea mshale wa njano. Akausogeza huku na huku, akaizima, akaiwasha tena mwenyewe ili alisome jina.